Pembea, Hadhari na Ajali: Uhakiki wa Tafsiri za 'Usalama' katika Kiswahili cha Sheria

Ikisiri

Makala haya yanahakiki visawe vya Kiswahili vinavyowania kutafsiri dhana ya sheria ya Kiingereza inayompima mwenye mahali kwa kuuliza iwapo mgeni wake alikuwa 'reasonably safe'. Hoja yetu ni kwamba visawe hivyo huifanya sifa iieleze hali ya usalama, ilhali kinachopimwa na sheria ni mwenendo wa mwenye wajibu. Kwa kutumia mfano wa kubuni wa pembea katika viwanja vya watoto vya Tibirinzi, Pemba, na kwa kuyachunguza maneno salama, uzembe, amana, tahadhari na ajali, tunapendekeza kuwa kiini cha tafsiri kiwe hadhari badala ya usalama, na kwamba mwenye kuwajibika na hadhari hiyo atajwe waziwazi.

1. Utangulizi

Suala la Kiswahili kuwa lugha ya sheria si suala la nadharia tena. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Namba 1 ya 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Zanzibar, ambayo ina mfumo wake wa mahakama, Kiswahili kimekuwa kikitumika tangu zamani katika mahakama za chini na katika mahakama za kadhi. Mjadala uliobaki ni wa ubora wa tafsiri. Mara nyingi mjadala huo hujikita katika istilahi ngumu, zile ambazo msikilizaji wa kawaida hazielewi kabisa. Makala haya yanaelekea upande wa pili: maneno ambayo kila mtu anadhani anayaelewa. Neno usalama ni mojawapo.

Sheria ya Kiingereza ya mwaka 1957 kuhusu wajibu wa wenye mahali, pamoja na sheria ya Kenya iliyofuata mkondo huo (Sura ya 34), inamtaka mwenye mahali achukue hadhari ambayo ni 'reasonable' kwa kuzingatia hali zote, ili mgeni awe 'reasonably safe' anapopatumia mahali hapo kwa shughuli aliyoalikwa. Msomaji atazame kwamba sifa hiyo imetokea mara mbili katika kifungu kimoja: mara ya kwanza imeielezea hadhari ya mwenyeji, na mara ya pili imeuelezea usalama wa mgeni. Mfasiri wa Kiswahili anayetafuta kisawe kimoja cha kujaza nafasi zote mbili huwa ameshaingia mtegoni kabla hajaandika neno.

Ili hoja isielee hewani, tutatumia mfano mmoja. Tibirinzi, katika Wilaya ya Chake Chake, kuna viwanja vya kufurahishia watoto, na siku za Idi ndipo wazazi wengi wanapowapeleka wana wao. Tuchukulie kwamba mtoto wa miaka sita amepanda pembea, mnyororo ukakatika, akavunjika mkono. Mfano huu ni wa kubuni na hausemi lolote juu ya hali halisi ya viwanja hivyo. Tumeuchagua kwa sababu una kila kinachohitajika: mwenyeji aliyefungua mlango, mgeni aliyealikwa, mgeni ambaye ni mtoto, na chombo ambacho raha yake yote ni kumwinua mtu kutoka ardhini. Pembea isiyokuwa na hatari yoyote si pembea. Swali la mahakama, kwa hivyo, haliwezi kuwa iwapo mtoto alikuwa salama. Ni swali gani basi, na Kiswahili kiliulize vipi?

2. Salama na mipaka yake

Neno salama katika Kiswahili lina tabia mbili zinazomhusu mfasiri. Kwanza, ni neno la matokeo. Abiria amefika salama, mama amejifungua salama, mzigo umefika salama salimini: katika matumizi yote haya jambo limekwisha na tunatazama nyuma. Hata katika maamkizi, anayejibu "salama" anatoa taarifa ya hali aliyonayo, wala haelezi juhudi ya mtu yeyote. Tunaweza kusema "salama zaidi" tunapolinganisha, lakini bila ya mlinganisho neno hili halipendi kugawanywa. Mtu amefika salama au hakufika salama.

Pili, umbo la nomino, yaani usalama, limeingia katika lugha ya umma likiwa na maana ya ulinzi unaotolewa na dola. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kamati za ulinzi na usalama za mikoa na wilaya, na watu wa usalama wasiovaa sare, wote wanabeba neno hilohilo linalobebwa na usalama barabarani na usalama kazini. Kiswahili hakitenganishi kwa neno moja moja kinga dhidi ya adui na kinga dhidi ya kutu. Matokeo yake ni kwamba usalama husikika kama dhamana: ama umetolewa, ama haukutolewa.

Sasa tuvitazame visawe vinavyowania nafasi ya sifa ile. Usalama wa kiasi una tatizo la uwili wa neno kiasi, ambalo linaweza kuwa kipimo cha wastani au uchache. Mzazi wa Tibirinzi akiambiwa kwamba viwanja vina "usalama wa kiasi" atamshika mwanawe mkono warudi nyumbani, na atakuwa ameielewa lugha yake sawasawa. Usalama wa kutosha unaelekea upande wa pili. Kutosha hupimwa kwa matokeo: mkono umevunjika, basi usalama haukutosha. Mwenyeji anageuzwa mdhamini wa kila tukio, jambo ambalo sheria haikulikusudia.

Usalama wa kuridhisha unaficha mtu. Kitenzi kuridhisha kinahitaji mwenye kuridhika, na kirai hakimtaji. Je, ni mkaguzi aliyetia saini? Ni mwenye viwanja? Au ni mzazi, ambaye kwa kulipa kiingilio atasemwa kuwa ameridhia? Usalama wenye busara haukai vizuri kisemantiki, kwa kuwa busara ni sifa ya mtu na si ya hali. Hata tukiirudisha kwa mtu, busara katika jamii zetu ni sifa ya wachache, wazee wanaokimbiliwa mambo yakiharibika, ilhali mtu wa kipimo wa sheria ya Kiingereza ni mtu wa kawaida kabisa, yule abiria wa basi la Clapham anayetajwa katika hukumu zao. Usalama mwafaka, nao, unabeba wazo la maafikiano. Masikioni mwa Mpemba neno hili lina historia isiyosahaulika upesi, ile ya Muafaka wa 1999 na wa 2001 baina ya CCM na CUF. Muafaka ni pale pande mbili zinapokutana katikati. Mtoto juu ya pembea hakukutana na mtu katikati.

Kasoro za visawe hivi zinatofautiana, lakini chanzo chao ni kimoja. Vyote vinaishika nomino usalama na kuitafutia sifa, kana kwamba sheria inazungumzia daraja fulani ya usalama, chini kidogo ya ule kamili. Hivyo sivyo sheria isemavyo. Sheria haisemi kwamba mgeni atakuwa salama kwa daraja hii au ile. Inasema kwamba mwenyeji atachukua hadhari kwa lengo hilo. Usalama ni shabaha, na kinachohukumiwa ni namna mtu alivyolenga.

3. Uzembe si kinyume cha hadhari

Upotoshaji huohuo unaonekana katika upande wa kosa. Katika Kiswahili cha mahakama, kushindwa kutimiza wajibu wa hadhari huitwa uzembe. Neno limeshika mizizi na hatutarajii kuling'oa. Hata hivyo, mhakiki anapaswa kusema kwamba uzembe, katika matumizi ya kila siku, ni uvivu na kutojali. Ni tuhuma juu ya tabia ya mtu. Mwenye viwanja anayeamka alfajiri, anayefagia, anayepaka rangi vyombo vyote kabla ya Idi, lakini hajawahi kuukagua mnyororo kwa sababu hajui kwamba minyororo hukaguliwa, si mzembe kwa maana ya mtaani. Mbele ya sheria anaweza kuwajibika vilevile, maana kipimo si moyo wake bali ni kile ambacho mwenye viwanja wa kawaida angelijua na kulifanya.

Pengo hili lina athari. Shahidi akiulizwa iwapo mdaiwa alikuwa mzembe, atajibu kwa kuitetea tabia ya jirani yake: ni mtu mwema, mchapakazi, mcha Mungu. Atakuwa amesema kweli, na atakuwa hakulijibu swali.

Hali kama hiyo inakikuta kirai kitumikacho sana katika sheria za usalama kazini za nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, kile kinachomtaka mwajiri azuie hatari kadiri 'itakavyowezekana' kwa kipimo cha 'reasonable'. Katika kesi ya Edwards dhidi ya National Coal Board ya mwaka 1949, mahakama ya rufaa ya Uingereza ilieleza kuwa kipimo hicho ni finyu kuliko uwezekano wa kimaumbile: hatari inawekwa katika kitanga kimoja cha mizani, na gharama, muda na usumbufu wa kuiepuka katika kitanga cha pili, na mwajiri husalimika ikiwa tu gharama inaizidi hatari kwa mbali mno. Tafsiri nyepesi ya "kwa kadiri inavyowezekana" inaitupa mizani hiyo nje. Kwa upande mmoja inamdai mwajiri kila kilichomo katika uwezo wa binadamu. Kwa upande mwingine, na hili ndilo hutokea zaidi, inampa udhuru mwepesi: haikuwezekana.

4. Amana, hirizi na kipimo cha mfano wake

Je, Kiswahili cha pwani kimekosa kabisa lugha ya kupima hadhari? Tunadai kuwa hakijakosa. Lugha hiyo ipo katika msamiati wa amana, ambao umefikia jamii zetu kupitia fikihi ya madhehebu ya Shafii. Katika fikihi hiyo, aliyepokea amana halipi kwa sababu tu mali imepotea. Analipa akivuka mipaka au akipuuza kuilinda. Na kipimo cha kulinda ni kuiweka mali mahali ambapo mali ya mfano wake huwekwa kwa mujibu wa desturi: dhahabu haifungwi bandani pamoja na mbuzi, wala mbuzi hafungiwi kabatini. Hatudai kwamba mtoto ni mali au kwamba sheria ya amana inatawala viwanja vya michezo. Tunachokiazima ni kipimo tu, yaani ulinzi wa mfano wake.

Ulinganifu na sheria ya Kiingereza ni wa karibu. Zote mbili hukataa kuhukumu kwa matokeo pekee. Zote mbili huuliza ni ulinzi gani unaozoeleka kwa kitu cha namna hiyo. Na zote mbili hubadilisha kiwango kwa kutazama kinacholindwa. Sheria ya mwaka 1957 inaeleza wazi kuwa mwenyeji ajiandae kwa watoto wenye hadhari ndogo kuliko watu wazima. Kwa lugha ya amana, mtoto anataka ulinzi wa mtoto.

Kuna ushahidi wa kileksika unaofaa kutajwa hapa. Neno la Kiarabu linalotumika katika fikihi kwa mahali pa kuhifadhia mali ndilo lililotupatia hirizi. Katika Kiarabu cha wanasheria, neno hilo linaashiria kazi ya mtu: kufunga, kuficha, kuweka juu. Katika Kiswahili limekuwa kitu kinachovaliwa, ambacho kinga yake haidai juhudi zaidi ya kuvaliwa. Mabadiliko hayo ya maana yanafanana mno na yale tuliyoyaona katika neno usalama. Kinga imetoka katika kitendo ikahamia katika hali. Cheti cha ukaguzi kilichotundikwa ukutani, ikiwa hakuna aliyeugusa mnyororo, ni hirizi kwa maana hii ya pili.

5. Tahadhari ya nani?

Tukikubaliana kwamba kiini kiwe hadhari, pingamizi kubwa linatokana na matumizi ya umma. Umbo la karibu, tahadhari, leo linaelekezwa zaidi kwa yule anayeweza kudhurika. Taarifa za hali mbaya ya hewa huwataka wananchi na watumiaji wa bahari wachukue tahadhari. Wazazi hutakiwa wachukue tahadhari siku za sikukuu. Methali tahadhari kabla ya athari humwambia mtu ajilinde. Katika lugha hii, mwenye chombo, mwenye kiwanja na mamlaka ya ukaguzi hutoweka. Wanabaki bahari, mvua na mwananchi.

Kwa hiyo haitoshi kulibadilisha neno. Sarufi ya sentensi nayo ibadilike ili mwenye wajibu awe kiima. Muundo wa "tahadhari ichukuliwe", uliojaa katika matangazo yetu, ni sahihi kisarufi lakini humficha mtenda, na katika sheria mtenda aliyefichwa huwa hadaiwi. Hapa jozi ya mwenyeji na mgeni inafaa zaidi kuliko mmiliki na mtumiaji. Mmiliki ni mwenye hati, na huenda yuko mbali. Mwenyeji ni yule anayekushika mkono mlangoni, na ndiye ambaye sheria inamkusudia, kwa kuwa wajibu unamfuata anayepadhibiti mahali, awe na hati au asiwe nayo. Aidha, katika utamaduni wetu uenyeji una madai yake kabla sheria haijasema neno.

6. Ajali haina kinga

Neno la mwisho la kuhakikiwa ndilo zito zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Ilikuwa imebeba watu wengi mno kuliko ilivyoruhusiwa. Mamia ya watu walipotea, na hapana upande wa Pemba ambao haukuguswa na msiba. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliunda tume ya uchunguzi. Haukutimia mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam.

Baada ya misiba ya namna hii, sentensi moja husikika kila barza: ajali haina kinga. Asili ya neno ajali ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni muda uliowekwa, yaani siku ya mtu. Kamusi zetu bado zinaihifadhi maana hiyo ya majaaliwa bega kwa bega na maana ya tukio la madhara. Kwa maana ya kwanza, sentensi hii ni ya imani na ni kweli kwa wanaoiamini: siku iliyoandikwa haizuiliki. Kwa maana ya pili si kweli. Kupakia watu kupita kiasi kuna kinga, na kinga yake ni kuacha kuwapakia. Sentensi moja inabeba maana mbili, na ukweli wa ile ya kwanza huazimwa ili kuipitisha ya pili.

Hatusemi kwamba wafiwa wanakosea kuitamka. Ni sentensi ya kuliwaza, na utanzu wa kuliwaza una haki zake. Tatizo huanza inapohamishwa kutoka matangani kwenda katika ripoti, kikao cha tume au hoja ya utetezi. Huko huifunga kesi kabla haijafunguliwa, kwa kuwa humjibu mtu aliyeuliza juu ya mwenendo kwa kumweleza juu ya matokeo. Ni kosa lilelile tuliloliona katika usalama wa kutosha, ila limegeuzwa: kule kila madhara yalimtia mwenyeji hatiani, na huku kila madhara yanamwachia huru.

Misiba hii ya baharini inatuonesha pia udhaifu wa kipimo cha mfano wake kikiachwa peke yake. Ikiwa vyombo vingi vimezoea kupakia kupita kiasi, desturi yenyewe imeharibika, na nahodha atadai kwamba amefanya kama wenzake. Ndiyo maana tunahitaji kitenzi kupasa. Kitenzi hiki hakielezi yanayofanyika bali yanayotakiwa kufanyika, na muundo wake humwelekea mtu: imempasa, yanipasa, inawapasa. Mfano wake hutuzuia tusimdai mtu wa kawaida busara ya walii. Impasayo hutuzuia tusikubali mazoea mabovu kuwa sheria.

7. Pendekezo na hitimisho

Kutokana na uhakiki huu, tunapendekeza kifungu cha wajibu wa mwenye mahali kisomeke hivi kwa Kiswahili: Mwenyeji atachukua hadhari impasayo mwenyeji wa mfano wake, kwa kuzingatia hali zote, ili mgeni anayepatumia mahali kwa shughuli aliyoalikwa asipatwe na madhara yanayoweza kuepukwa kwa hadhari hiyo, na mtoto hatatarajiwa kuwa na hadhari ya mtu mzima.

Sifa iliyotokea mara mbili katika Kiingereza imepata suluhisho mbili. Mahali pa kwanza imekuwa impasayo mwenyeji wa mfano wake. Mahali pa pili haikutafutiwa kivumishi kabisa. Imegeuzwa kuwa mpaka wa madhara yanayohusika, yaani yale ambayo hadhari hiyo ingeliyaepusha. Kirai usalama wa kiasi hakihitajiki tena, wala hakuna mzazi atakayeambiwa kwamba usalama wa mwanawe umepunguzwa.

Inaweza kudaiwa kuwa kifungu hiki ni kirefu kuliko cha Kiingereza. Ni kweli, lakini ufupi wa Kiingereza unategemea zaidi ya karne moja ya hukumu zilizolifafanua neno moja. Kiswahili cha sheria bado hakina akiba hiyo. Mpaka itakapopatikana, yafaa kifungu kijieleze chenyewe kwa yule atakayekisoma bila ya wakili.

Turudi katika mfano wetu. Mnyororo ulioliwa na kutu kwa miezi, katika hewa ya chumvi ya kisiwa, unaonekana na unapimika; kuukagua kabla ya Idi ni kazi ya saa moja na kuubadilisha si gharama ya kumfilisi mtu. Mwenyeji anawajibika, hata akiwa mchapakazi. Mnyororo mpya uliokatika kwa ila iliyofichika ndani ya chuma tangu kiwandani ni kesi nyingine, na huenda anayepasa kuulizwa ni mwingine. Matokeo ni mamoja, mkono uliovunjika, lakini majibu ni mawili, na kifungu kinaweza kuyatofautisha. Usalama wa kutosha usingeweza, wala ajali haina kinga isingeweza.

Kwa BAKIZA, BAKITA na waandishi wa sheria, pendekezo letu la kiutendaji ni kwamba kila penye neno usalama katika rasimu, mfasiri aulize kwanza: je, hapa pameelezwa hali, au pameelezwa wajibu wa mtu? Ikiwa ni wajibu, amtaje mtu huyo awe kiima cha sentensi, kisha ndipo atafute istilahi.